Adhabu Inayosubiri Mbalamwezi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kitangiri hapa Mwanza. Nauza dagaa. Naamka saa tisa usiku, saa kumi niko Mwaloni Kirumba, narudi nyumbani saa nane mchana nikiwa sina hata nguvu ya kuongea. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, kambi yao iko visiwani upande wa Ukerewe. Tunaishi na mama mkwe.

Mtoto wetu wa pili, wa kiume, ana miaka 15. Yuko kidato cha pili kwa jina tu; tangu mwezi wa tatu haendi shule zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mwezi wa sita alichukua shilingi 180,000 za mtaji wangu zilizokuwa chini ya godoro. Nikimuuliza ananijibu kwa kelele mpaka majirani wanatoka nje, naishia kunyamaza. Wiki tatu zilizopita alikamatwa pamoja na wenzake watatu kwa kumpora kijana simu, akalala polisi usiku mmoja. Baba yake alipokuja alimchapa kwa waya wa umeme mpaka mama mkwe akajitupa katikati. Sasa baba anataka kumpeleka kambini akavue, mjomba wake anasema bweni huko Sengerema, na majirani wanasema ningemwacha polisi wamnyooshe. Nimpeleke wapi, Shangazi? Wadogo zake wawili wameanza kumwiga.

Mama wa Kitangiri

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Usimpeleke popote. Najua hilo silo jibu ulilolitaka, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonishika si ule wizi. Ni maneno matatu: "baba yake alipokuja". Mimi nimekulia Kayenze, maisha ya dagaa nayajua. Dagaa hufuata taa. Enzi zetu zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola, lakini kanuni haijabadilika: mwezi ukiwa mkubwa angani, taa ya mvuvi haina mvuto, nyavu zinaanikwa na wanaume wanarudi nyumbani. Kwa hiyo katika nyumba yako mashtaka yanalimbikizwa kipindi chote cha giza, na hukumu inasomwa wakati wa mbalamwezi. Kosa la tarehe 3 linalipwa tarehe 19. Mtoto hawezi tena kuunganisha kosa na adhabu. Anachounganisha ni baba na kipigo. Hebu jiulize jambo moja: mwezi ukianza kujaa, huyo kijana analala wapi?

Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 22, sehemu kubwa hapa hapa Mwanza. Katika nyumba za wavuvi nilikuwa nikiuliza swali hilo mapema kabisa, na akina mama walikuwa wakitazamana.

Sasa tuje kwenye kelele. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani, aitwaye Gerald Patterson. Yeye na wenzake walituma watu wakakae majumbani mwa familia zenye watoto wakorofi, wakiandika kila tendo na lililofuata. Walichokiona kinafanana na sebule yako. Mama anatoa agizo, mtoto anagoma. Mama anapandisha sauti, mtoto anapandisha zaidi. Mwisho mama anachoka na kunyamaza, na papo hapo kelele zinaisha. Tazama nani kapata nini hapo. Mtoto kajifunza kwamba akifoka vya kutosha, agizo linafutwa. Na mama naye kajifunza kwamba akinyamaza, anapata amani. Wote wawili wamelipwa, ndiyo maana kesho wanarudia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku hana nguvu ya kushindana saa mbili usiku, na mtoto anaijua saa hiyo vizuri kuliko wewe.

Ukiuelewa mzunguko huo, utaona kwa nini kumhamisha mtoto hakusaidii. Anahama yeye, mzunguko unabaki, na siku akirudi likizo anaukuta umemsubiri mlangoni. Wadogo zake uliowataja watakuwa wameshaushika tayari.

Wataalamu wa tiba ya familia walianzia hapo. James Alexander na Bruce Parsons, wa Chuo Kikuu cha Utah, miaka ya 1970 walianza kuketi na vijana waliofikishwa mahakamani pamoja na wazazi wao, badala ya kumchukua kijana peke yake na kumsomea maadili. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 12, na kesi ngumu hufika 30. Jambo linalonigusa zaidi katika kazi yao ni matokeo ya 1977: walipofuatilia wadogo wa wale vijana, ambao hakuna aliyewashtaki kwa lolote, waliona kwamba katika familia zilizopitia tiba hiyo, wadogo walifika mahakamani mara chache kuliko wa familia nyingine. Kilichotibiwa ni nyumba. Baadaye Scott Henggeler akaanzisha njia nyingine ambayo mshauri mmoja huhudumia familia nne hadi sita tu kwa wakati mmoja, huzifuata nyumbani kwao, hupatikana kwa simu usiku na mchana, kwa miezi mitatu hadi mitano. Na haangalii nyumba pekee. Anakwenda shuleni, kwa marafiki, mtaani.

Wewe hapo Kitangiri hutapata mtu wa namna hiyo kwa urahisi, najua. Lakini mengi wanayoyafanya hayahitaji jengo wala mashine.

Kwanza kabisa, kabla ya kanuni yoyote, lawama ipunguzwe. Hili watu wengi wanaliruka. Niliwahi kwenda nyumba moja Mabatini, kule juu kwenye mawe, mara 11. Ziara tatu za kwanza baba alikaa nje juu ya jiwe, ametupa mgongo, kwa sababu alijua nimekuja kumwambia kwamba kaharibu mtoto. Ziara ya nne nikaacha kumtaja mtoto. Nikamuuliza yeye alilelewaje. Alizungumza saa nzima, kuhusu baba yake aliyekuwa akimfunga kwenye mti wa mwembe, na katikati ya maneno akaingia ndani na kuketi. Kuanzia hapo kazi ikaanza. Yule kijana alikamatwa mara moja tena baada ya hapo, sikufichi, kisha akatulia. Leo ni fundi pikipiki.

Kwa hiyo baba akirudi mwezi ujao, ombi langu ni hili: siku mbili za kwanza pasiwe na shitaka lolote. Wewe usimpe orodha mlangoni. Ale, alale, watoto wamwone baba. Siku ya tatu ndipo mketi, na wawepo watu wanne: wewe, baba, mama mkwe na kijana mwenyewe. Usimwache mama mkwe nje. Najua utasema yeye ndiye anayempa hela za chipsi na kumficha (hukuandika hivyo, lakini mtu anayejitupa katikati ya waya hawezi kumnyima mjukuu shilingi mia tano). Huyo bibi ndiye mtu pekee nyumbani ambaye kijana bado anamwonea haya. Mkimtenga, mtakuwa mmemkabidhi kijana mlango wa kutokea. Mkimweka ndani, mmepata nguzo.

Kikao hicho kisizungumzie tabia yote ya kijana tangu azaliwe. Chagueni mambo mawili tu. Mimi ningechagua saa ya kurudi nyumbani usiku, na shule. Hayo mawili watu wazima watatu wayaseme kwa kauli moja, na kabla ya kikao mkubaliane faraghani, maana mtoto wa miaka 15 ananusa ufa kati ya baba na mama kama paka anavyonusa dagaa. Akitimiza, apate kitu kinachojulikana mapema. Asipotimiza, akose kitu kinachojulikana mapema, siku hiyo hiyo, na mtoaji wa adhabu awe mtu mzima aliyepo. Hapa ndipo unapotakiwa kuacha kabisa kusema "akija baba yako utaona". Kila ukilitamka hilo unajivua ukubwa wako na kuupakia kwenye mtumbwi uende visiwani.

Baba akiwa kambini, apige simu mara mbili kwa wiki azungumze na mwanawe, asiulize makosa. Aulize mpira, aulize shule, amwambie giza la jana lilikuwaje. Wanaume wengi wataona huu ni mzaha. Baba wa Kitangiri, kama unasomewa haya, nakuomba ujaribu giza moja tu.

Wewe nawe, agizo moja, sentensi moja, kwa sauti ya kawaida, na liwe dogo analoweza kulifanya sasa hivi: geuza dagaa walioanikwa, jaza ndoo. Akifanya, shukuru hapo hapo kwa jina lake. Akifoka, usifoke na usilifute agizo. Rudia mara moja, ondoka hatua tano, lakini agizo libaki pale pale. Nikuonye mapema: ukianza kutokunyamaza kama alivyozoea, wiki ya kwanza kelele zitaongezeka. Atapandisha bei kuona kama utanunua. Akina mama wengi huishia hapo na kusema njia imeshindikana, kumbe ndiyo imeanza kuuma.

Mtaji usilale chini ya godoro. Uweke kwenye simu au kwenye kikundi chako cha kukopeshana. Na wale wenzake watatu: mama zao unawajua? Watafute. Nyinyi wanne mkiwa na namba za simu za kila mmoja, kijana hawezi tena kusema yuko kwa fulani. Kujua mtoto yuko wapi kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku, yuko na nani, ni kinga ambayo kila utafiti ninaoufahamu wa jambo hili unaitaja.

Shuleni nendeni wawili, wewe na bibi, mkaonane na mwalimu wa malezi kabla ya kumrudisha. Na ile simu aliyoipora irudi au ilipwe, na yeye mwenyewe awepo akiikabidhi, amwangalie usoni yule kijana. Hilo fanyeni hata kabla ya mbalamwezi.

Kuhusu kambi, hapo sina upole. Dagaa huvuliwa usiku, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na inakataza kumpa mtoto kazi za hatari. Tena mnayajua wenyewe yaliyoko kambini: gongo, bangi, hela ya mkononi kila asubuhi, na hakuna mwalimu. Mtamtoa kwenye kundi la watatu na kumtia kwenye kundi la thelathini. Sheria hiyo hiyo haimpi mzazi ruhusa ya kuadhibu kupita kiasi, na waya wa umeme umepita kiasi.

Sitaki uamini kwamba nakupa dawa ya uhakika. Njia ya Henggeler ilipojaribiwa Uingereza kwa familia 684, matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha kwamba haikuzidi huduma za kawaida za kule. Na Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, familia 552 zilijaribiwa kwa programu ya vikao 14 vilivyoendeshwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Viboko vilipungua, wazazi wakawa karibu zaidi na watoto na wakawafuatilia vizuri zaidi, ulevi ukapungua pia. Lakini ukorofi wenyewe wa vijana, kwa kipindi kile walichopima, haukuonekana kubadilika. Mimi nalisoma hivi: nyumba hubadilika kwanza, mtoto hufuata taratibu, na pengine si wote. Usimpime baada ya mwezi mmoja.

Akishika kisu, akikupiga, au akiwatishia wadogo, usisubiri kikao chochote. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ni haki yako kumwona, na umwombe aje nyumbani, msikutane ofisini tu. Na kama unahisi anavuta bangi au halali usiku kabisa, hospitali ya Bugando ina idara ya afya ya akili. Kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu.

Shangazi, mimi ni baba, niko Nansio. Kijana wangu ana miaka 16, anatoroka shule, anakunywa, ameshagombana na watu. Mama yake analia. Mimi namwambia hata mimi nilikuwa hivyo, nikaacha mwenyewe nilipooa. Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi, na huyu ameshakauka, kwa hiyo tusubiri akue. Nimekosea?

Nusu umepatia. Terrie Moffitt, aliyeshughulika miaka mingi na watoto waliozaliwa 1972 na 1973 katika mji wa Dunedin, New Zealand, aliandika mwaka 1993 kwamba wapo vijana wa aina mbili. Wengi huanza ukorofi wakibalehe na huacha wakiingia utu uzima, kama wewe. Wachache huanza wakiwa wadogo sana, wanauma wenzao, wanapiga, hawakai darasani, na hao huendelea ukubwani wasiposaidiwa. Kwa hiyo mkumbuke mlivyokuwa mnamwona akiwa na miaka minne na mitano. Kama alikuwa mtoto wa kawaida, matumaini ni makubwa.

Nusu uliyokosea ni hii: anayeacha mwenyewe huacha kama hajanaswa njiani. Moffitt mwenyewe alizungumzia mitego hiyo, ulevi, kufungwa, kuacha masomo. Wewe ulipokuwa na miaka 16 mitego ya Nansio ilikuwa michache. Leo kuna pombe za bei ya chini, kuna kubeti kwenye simu, kuna video ya kila ugomvi inayomfuata mtu mpaka anapoomba kazi. Kukua atakua. Kazi yenu ni kuona anafika huko akiwa hana kesi, hana mtoto asiyeweza kumlea, na ini lake ni zima. Na ile methali ni ya samaki, baba. Mtu wa miaka 16 bado ni mbichi.

Mpe kazi pamoja nawe, umsimulie jinsi ulivyoacha. Umesema uliacha ulipooa. Nina hakika kuna zaidi ya hilo, kuna mtu aliyekuamini. Mwambie ni nani.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa sekondari, wilaya ya Magu. Tuna wavulana 12 watukutu. Nataka kuanzisha klabu yao, tuwe tunakutana nao kila Ijumaa tuwafundishe maadili. Nimekuandikia majina yao na makosa ya kila mmoja. Nipe ushauri wa mada.

Mwalimu, moyo wako ni mzuri na ninakuomba usifanye hivyo. Mimi nimeshafanya. Nilikusanya wavulana 14 chini ya mwembe kila Jumamosi, mpira kwanza, mawaidha baadaye, soda mwisho. Baada ya miezi mitatu wawili ambao kosa lao lilikuwa utoro tu walikamatwa wakichomoa pochi kwenye daladala. Walifundishana wakati mimi nikigawa soda. Nilikwenda kwa mama wa mmoja wao kumwomba radhi, na bado naikumbuka sura yake.

Baadaye nikasoma kwamba wengine walishayaona haya. Mwaka 1939 huko Massachusetts, Marekani, ulianza mpango mkubwa kwa wavulana 506. Nusu walisaidiwa kwa miaka, nusu waliachwa hivi hivi. Joan McCord alipowatafuta miaka 30 baadaye, waliosaidiwa walikuwa katika hali mbaya zaidi kwa mambo kadhaa, na walioumia zaidi ni waliopelekwa pamoja kambi za likizo zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 yeye, Thomas Dishion na François Poulin waliandika wakionya juu ya hilo hilo: vijana wakorofi wakiwekwa pamoja, kicheko cha mwenzake kina nguvu kuliko hotuba ya mkubwa.

Watawanye. Mmoja mmoja awe kwenye timu ya mpira, kwaya, skauti, mahali ambapo wengi ni watulivu. Na Ijumaa zako uzitumie kwenda kwao, nyumba moja kila wiki. Usianze na makosa, anza na jambo moja jema la mtoto, hata kama ni kwamba anachora vizuri.

Majina uliyoniandikia sitayachapa wala kuyatunza. Karatasi ile nimeichoma. Anza na yule wa nne, uliyesema bibi yake huja shuleni bila kuitwa.